Gemu Mkononi, Brashi Ukutani: Mjadala wa Mwanjelwa

Hoja ni hii. Kijana wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kuwa mchoraji, je, ajifunzie kwenye gemu ya mkononi ya mtumba, au aanze na brashi, hadibodi na kopo la rangi kama walivyoanza waliomtangulia?

Wanaojadili ni wanne. Fundi Mabango ni mzee wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyepaka milango ya saluni, maduka ya dawa na bodi za malori tangu enzi ambazo bango la kuchapwa kwa mashine lilikuwa halijulikani mjini. Mwalimu anafundisha sanaa za ufundi Iringa. Fundi Simu ana kibanda chake Kabwe, Mbeya, na mikononi mwake vimepita vifaa vya kila aina vinavyoshuka na mizigo ya mtumba. Binti anasoma chuo Iringa, na anachora kwenye Nintendo 3DS. Sauti zao nimezitunga mimi, ila kila mmoja nimempa hoja nzito ya upande wake, kwa sababu jambo hili linanigusa na sitaki upande wowote ushinde kwa kuonewa mwenzake.

Programu wanayoizungumzia inaitwa Colors!. Jens Andersson, Mswidi aliyekuwa akitengeneza michezo ya video, aliiandika mwaka 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, akaitoa bure bila kupitia kwa Nintendo wenyewe. Watu waliipakia kwa kadi maalumu za kuchomeka. Mwaka 2012 ikatoka Colors! 3D, hii sasa ikiuzwa kwenye duka rasmi la mtandaoni la 3DS, na mwaka 2021 ikafuata Colors Live ya Nintendo Switch. 3DS ina vioo viwili. Kwenye kile cha chini, cha inchi tatu hivi, ndipo unapochora kwa kijiti cha plastiki. Cha juu kinakuonyesha picha ikiwa na kina, vitu vya mbele vikijitenga na vya nyuma, bila kuvaa miwani yoyote.

Mjadala unafanyika karakanani kwa Fundi Mabango, mwezi wa saba, baridi la Mbeya likiwa kamili. Yeye ni mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyeanza.

Fundi Mabango: Karibuni. Mmetoka Iringa, zaidi ya kilomita 300 za lami, kwa hiyo sitawapotezea muda. Mashine sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kujifunza kusikogharimu kitu. Nilipokuwa kijana kopo la rangi lilikuwa la bosi, na tone likidondoka chini unaulizwa. Ubao nilikuwa nautazama asubuhi nzima kabla sijaugusa. Nakadiria herufi ya mwisho itaishia wapi, kivuli kitaangukia upande gani, rangi ipi itangulie kukauka. Ile hofu ya kuharibu ndiyo iliyonifundisha kuona. Huyu binti akikosea anabonyeza, kosa limefutika. Ataogopa nini? Na asiyeogopa ataangalia nini?

Binti: Nimekusikia, babu. Ni kweli siogopi. Lakini hofu hiyo ina upande wa pili. Sekondari tulikuwa na boksi moja la rangi za maji kwa darasa zima. Picha nilizochora zilikuwa za woga: ndogo, katikati ya karatasi, rangi nyepesi ili nyingine ibaki kwa wenzangu. Hadibodi, rangi ya mafuta, thina na brashi mbili zenye nywele za maana, hiyo ni hela ambayo mwanafunzi anaitafuta muda mrefu. Wewe hofu ilikufundisha kwa sababu kesho yake kulikuwa na kazi nyingine, na rangi alinunua bosi. Mimi hofu ilinifanya nisichore kabisa.

Fundi Mabango: Hapo umesema neno.

Mwalimu: Na mimi niongeze, Fundi, maana shule nyingi hazina hata hilo boksi moja, wala mwalimu wa somo lenyewe. Mtoto mwenye kipaji anachora kwa kalamu ya wino nyuma ya daftari la hesabu, anachapwa. Nikifikiria hilo huwa namkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akafanya vibarua vya kila namna, na mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi za mafundi ujenzi. Leo picha za mkondo ule ni fahari ya nchi. Wakati ule hakuna mwalimu wa sanaa ambaye angekubali kwamba rangi ya baiskeli ni rangi ya mchoraji. Alichukua kilichokuwa karibu na cha bei nafuu. Sasa mimi napita sokoni naona gemu za mtumba zimelala kwenye meza za vifaa vya umeme, watoto wa Ulaya na Japani wamezichoka, na ndani yake mna kijiti na kioo kinachosikia uzito wa mkono. Kwa nini hiyo isiwe rangi ya baiskeli ya kizazi hiki?

Fundi Mabango: Kwa sababu rangi ya baiskeli ilikuwa dukani, Mwalimu, na mpaka leo ipo. Ikikuishia unavuka barabara unanunua nyingine. Mwulize huyu kijana hapa, hiyo programu inanunuliwa duka gani?

Fundi Simu: Hapo mzee wangu amegusa penyewe. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa tarehe 27 Machi 2023. Ukiokota 3DS leo hapa mjini, ikiwa haina Colors! 3D ndani, huwezi kuinunua tena humo. Aliyekwisha kuinunua ndiye aliyeachiwa nafasi ya kuipakua upya, basi. Hata lilipokuwa wazi lilitaka kadi ya benki au kadi zao za malipo, M-Pesa halikuijua. Aprili 2024 wakazima na huduma nyingine za mtandaoni za 3DS. Kwa hiyo ni rangi ambayo kiwanda chake kimefungwa. Na sijasema habari ya chaja. Gemu iliyotoka Japani huweza kuja na chaja iliyotengenezewa umeme wa huko wa volti 100, umeme wetu ni 230. Mtu anachomeka siku ya kwanza, chaja inaungua, anakuja kibandani kwangu amenyong'onyea. Kifaa chenyewe hakihitaji hata volti tano, kwa hiyo namtafutia waya wa kuchomeka kwenye chaja ya simu na maisha yanaendelea. Lakini menyu za Kijapani siwezi kumgeuzia. Lugha ndiyo hiyohiyo hadi mwisho.

Hoja ya duka ni nzito kuliko zote zilizotolewa dhidi ya kifaa hiki, na sitaki ipite kwa haraka. Brashi haina mwenyewe zaidi yako. Hakuna kampuni inayoweza kuamua siku fulani kwamba brashi zilizouzwa mwaka 2012 hazitauzwa tena, wala fundi wa Mwanjelwa hahitaji idhini ya mtu wa Kyoto ili apate kopo jipya. Mchoraji anayejenga kazi yake yote juu ya kifaa chenye mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine anajenga juu ya hisani. Mzee aliliona hilo bila kuwa amewahi kushika gemu hata siku moja. Binti naye hakulikwepa.

Binti: Hilo silikatai, babu. Yangu niliinunua ikiwa tayari ina programu ndani, ni bahati, na ikifa sijui nitapata wapi nyingine. Lakini kaka, umesema ubaya wake tu. Sema na sababu ya mimi kuitaka hii nikaacha vingine.

Fundi Simu: Sawa, dada. Tachi ya simu inasikia umeme wa mwili. Kidole kikigusa, inajua. Kijiti cha plastiki hakina kitu, haikisikii, na ukinunua vile vijiti vya ncha ya mpira unachora kama unapaka siagi. Kioo cha DS na 3DS ni tofauti. Juu kuna utando laini, chini kuna kioo kigumu, na katikati pana nafasi ndogo mno. Ukikandamiza, utando unakigusa kioo na gemu inajua ni wapi. Haijali umekandamiza na nini: kijiti, ukucha, hata kidole chenye glavu. Na ukikandamiza zaidi, eneo linalogusana linaongezeka, umeme unaopita hapo unabadilika. Aliyeandika Colors! alilitumia hilo. Mkono ukiwa mwepesi mstari unakuwa mwembamba au hafifu, ukiuzidishia uzito unanenepa au unakolea. Simu ya bei ya kawaida haifanyi hivyo.

Fundi Mabango: Inasikia uzito?

Fundi Simu: Inasikia, mzee wangu. Sio kama brashi, lakini inasikia.

Fundi Simu (akimgeukia Binti): Ila na mimi nina swali, dada. ibisPaint iko kwenye simu, ya kuanzia ni bure, vijana wengi wanaitumia, na hata yenyewe inakurekodia namna ulivyochora. Betri ya simu ipo, kioo ni kikubwa, picha unairusha papo hapo. Kwa nini ujitese na kioo cha inchi tatu?

Binti: Ninayo, na ninaitumia. Ila simu yangu ni ya kila mtu nyumbani. Mama anaitaka apokee hela, mdogo wangu anaitaka afanyie kazi za shule, meseji zinaingia kila dakika. Nikishika kijiti kwenye gemu hakuna anayeniita. Haitaki bando, haina matangazo. Na kidole changu, kaka, ni kipana kuliko jicho la mtu ninayemchora. Kwenye gemu ncha ya kijiti ni nyembamba, naiona inakogusa.

Mwalimu: Na udogo wa kioo nao ni shule. Huwezi kuhangaika na kope na vifungo vya shati. Unalazimika kwanza kuamua giza liko wapi na mwanga uko wapi. Wanafunzi wangu wenye karatasi kubwa huanza na kope, wakimaliza kope wanakuta kichwa hakina pa kukaa.

Hadi hapo kila mtu alikuwa amesema kile ambacho ungemtarajia aseme. Mambo yaligeuka Binti alipoiweka gemu juu ya meza, katikati ya makopo, akafungua picha yake ya Loleza, mlima unaousimamia mji wa Mbeya, akaiweka icheze tangu mwanzo. Colors! hutunza picha pamoja na kila mpito wa kijiti kwa mpangilio wake, na ukiiamuru inaichora upya mbele yako kuanzia kioo kikiwa kitupu. Wote wakainama. Ulianza mstari wa mlima, kijani kibichi, ukapanda na kushuka, kisha ukajazwa. Yakaja mabati ya nyumba za chini, madoa ya kijivu na ya kutu. Ikafuata anga, samawati iliyopauka, ikipita kwa brashi pana kutoka kushoto kwenda kulia na kukikwepa kilele. Mwisho ukaja ukungu: rangi nyeupe iliyopunguzwa nguvu hadi karibu isionekane, ikirudia mahali palepale mara nyingi, mpaka ubavu wa mlima ukaanza kupotea.

Fundi Mabango: Irudishe. Hapo kwenye anga. Simamisha. Umeona ulichokifanya, mwanangu? Umeuchora mlima kwanza, halafu ukaja kuipaka anga kuuzunguka. Ndiyo maana hapa kwenye ukingo wa kilele pana mstari mweupe, rangi mbili hazikukutana. Anga hutangulia. Unaishusha mpaka chini ya pale mlima utakapokaa, unaiacha ikauke, ndipo mlima unakuja juu yake. Ukungu sina neno, ukungu umeupata. Umerudia kidogo kidogo, hukuwa na haraka. Lakini mabati umeyaweka mapema mno, ndiyo maana ukungu ulipofika chini ilibidi uyakwepe, na ukungu haukwepi nyumba.

Binti: Picha hii wameiona wengi, babu. Wote walisema nzuri. Hakuna aliyeniambia hilo la anga.

Fundi Mabango: Wangelijulia wapi? Wao waliona picha ikiwa imekwisha. Mimi nimeuona mkono wako ukifanya kazi.

Msimamo wangu uko hapa. Gemu hii inastahili nafasi katika mafunzo ya mchoraji wa Mbeya na Iringa kwa sababu inampa fundi mkongwe nafasi ya kuuona mkono wa mwanafunzi asiyekuwa naye karakanani. Kwa vizazi vingi vijana wetu wamejifunza kwa kunakili picha zilizokwisha. Walinakili katuni za Chakubanga za Christian Gregory kutoka gazeti la Uhuru, walinakili kalenda, walinakili picha za saluni. Walichokinakili ni matokeo. Mpangilio wa kazi, yaani nini kinatangulia na nini kinasubiri, haukuwepo kwenye karatasi, na asiyekuwa na bahati ya kukaa chini ya fundi aliukosa maisha yake yote.

Mwalimu: Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Tingatinga. Wanafunzi wake wa mwanzo, kina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, walikaa naye na kumwangalia akichora. Yeye aliuawa mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, na bado mkondo haukukatika, kwa sababu mikono mingine ilikuwa imekwisha kuuona mkono wake. Angekuwa amewaachia picha peke yake nadhani leo tungekuwa na picha kadhaa nzuri na hadithi ya huzuni.

Fundi Mabango: Mwalimu, umetaja wafu, na mimi nitaje wa zamani zaidi. Igeleke iko hapo kwenu, pembeni ya mji wa Iringa. Michoro myekundu juu ya mwamba, watu na wanyama, waliochora hatujui hata walijiitaje. Mvua imepiga, jua limewaka, picha zipo. Hakuna aliyezichaji. Hii gemu yako, binti, baada ya miaka ishirini itakuwa wapi? Picha ya Loleza itakuwa wapi?

Binti: Igeleke nimefika, babu, na tukisimama pale na wenzangu huwa tunabishana. Alianza na mgongo wa mnyama au na miguu? Alitumia kidole au alitumia kijiti? Huyu mtu wa pembeni alichorwa siku ileile au aliongezwa na mjukuu wake? Mwamba umetunza picha, haya mengine umeyanyamazia. Natamani aliyechora pale angekuwa na kitu cha kumrudisha mwanzo.

Fundi Mabango: Hujanijibu. Nimeuliza itakuwa wapi.

Fundi Simu: Nitamjibia mimi, mzee, maana hili ni la kwangu. Kwenye 3DS picha unaweza kuzihamishia kwenye memori kadi inayotoka. Unaichomoa, unainakili kwenye kompyuta, unaweka nakala nyingine mahali pengine. Gemu ikifa, picha haifi. Kinachoweza kufa ni ule mchezo wa kuirudia hatua kwa hatua. Kwa hilo dada akubali kupiga video ya kioo kwa simu wakati picha inajichora. Haitakuwa safi, lakini itaonekana. Wengi hawafanyi. Kila wiki naletewa kifaa kilichozama kwenye maji, mwenye nacho analilia picha, naye hakuwahi kuichomoa kadi hata mara moja.

Mwalimu akataka kuingiza jambo ambalo wengine hawakuwa wamelifikiria, na kwangu ndilo lililopanua mjadala kuliko mengine. Iringa ipo Neema Crafts, karakana yenye mkahawa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, ambako watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi, wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi. Mji mzima umeshazoea kuagiza kahawa kwa lugha ya alama au kwa kuandika kwenye kikaratasi.

Mwalimu: Mimi nimefundisha mwanafunzi kiziwi. Nikigeukia ubao kumwonyesha, ananiona mgongo. Nikimgeukia kumweleza, mkono umesimama. Siwezi kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Picha inayojichora upya haina maneno ndani yake. Anaisimamisha anapotaka, anairudisha, anaonyesha kwa kidole mahali ambapo hakuelewa. Na yule asiyeweza kusimama mbele ya ukuta au kupanda ngazi, gemu anaiweka mapajani. Kwa hao wawili sijali kama duka la Nintendo limefungwa. Nikipata kifaa kimoja kinachofanya kazi nitakipigania.

Fundi Mabango: Kwa hao sina neno, Mwalimu, ni haki yao. Lakini msinikimbize nikubali yote. Nimekubali kwamba inaonyesha. Sijakubali kwamba inaufundisha mkono. Rangi ya mafuta ina tabia zake. Mwezi huu wa saba hapa Mbeya haikauki, ukipitisha mkono wa pili mapema unakuwa umekoroga matope. Kule bondeni, Usangu, inakauka kabla hujageuka. Ukuta wa saruji mbichi unakunywa rangi, ukuta wa zamani wenye chumvi unaitema. Thina ikizidi inachuruzika, ikipungua brashi inaacha mistari. Humo kwenye kioo hakuna baridi, hakuna chumvi, hakuna kuchuruzika. Atatoka humo anajua kuchora, halafu ukuta utamwaibisha mbele ya mwenye duka.

Naungana na mzee moja kwa moja. Tofauti kati ya kuijua picha na kuijua rangi ni kubwa, na hakuna programu iliyowahi kuiziba. Mchoraji David Hockney alianza kuchora kwenye simu na tableti akiwa na zaidi ya miaka sabini, baada ya nusu karne ya kupambana na rangi halisi. Mkono ulioshika kile kioo ulikuwa umeshafundishwa na turubai. Kijana wa Kihesa, Iringa, anayeanza na kioo anatembea njia hiyo kinyumenyume, na lazima mtu amwambie mapema kwamba sehemu ngumu bado inamsubiri. Lakini kumwambia hivyo si sababu ya kumnyang'anya kioo.

Binti: Ndiyo maana nimekuja, babu. Kuchora kwenye gemu nimeshazoea. Nataka kujua picha hii ya Loleza inatokaje humu na kufika ukutani. Nilijaribu kuichapisha kubwa kwenye mashine ya mabango, ikatoka miraba miraba, mlima ukawa ngazi.

Fundi Mabango: Mashine inapanua madoa, mwanangu, haipanui mchoro. Njoo huku. Kuna uzi wa chaki?

Akamwonyesha kazi ambayo mafundi mabango wameifanya siku zote. Picha ndogo inagawanywa kwa miraba, tuseme minane kwa sita. Ukuta nao unagawanywa kwa miraba minane kwa sita, ila mikubwa, kwa uzi uliopakwa chaki unaovutwa na kuachiwa ujipige ukutani. Kisha huna haja ya kunakili mlima mzima. Unanakili mraba mmoja tu: mstari unaingia upande wa kushoto juu kidogo ya katikati, unatokea kwenye kona. Mraba unaofuata. Baada ya muda mlima unakuwepo bila wewe kuuchora wote kwa mkupuo. Binti akasema kwenye gemu anaweza kuweka miraba hiyo kwenye tabaka lake peke yake, juu ya picha, na kuiondoa akimaliza bila kuharibu kitu. Mzee akanyamaza akiitazama ile miraba ikija na kutoweka. Kwake yeye, miraba juu ya picha ya mteja siku zote imemaanisha picha iliyochorwachorwa kwa penseli, na mteja anayelalamika.

Fundi Simu: Na mteja, mzee wangu, unaweza kumwonyesha kwanza. Anataka ukuta wa bluu, mwonyeshe wa bluu. Akibadili mawazo, wa kijani. Rangi hujafungua.

Fundi Mabango: Hilo ningelipata zamani lingeniokolea makopo mengi. Lakini nalo lina hatari yake. Nimeshachora kichwa cha mteja kwenye mlango wa saluni, mtu akaja na simu, akapiga picha, mwezi uliofuata nikakikuta kimechapwa kwenye mabango ya saluni nyingine mbili. Ningeshitaki kwa ushahidi gani? Hata sahihi yangu ilikuwa imekatwa.

Mwalimu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, Fundi, awe amechorea ukutani au kwenye kioo. Tatizo ni hilo la ushahidi. Na hapa binti ana kitu ambacho wewe hukuwa nacho. Mwizi anaweza kuwa na picha iliyokamilika. Hawezi kuwa na kila mstari kwa mpangilio wake, pamoja na makosa yaliyofunikwa chini.

Fundi Mabango: Hata lile kosa la anga?

Mwalimu: Hasa hilo.

Mzee alicheka, na kwa mara ya kwanza akakichukua kile kijiti, akakipima uzito kati ya vidole, akakirudisha mezani. Kisha akataja kazi aliyokuwa nayo: saluni moja ya mtaa wa Soweto, hapohapo Mbeya, ukuta wa nje, mwenye nayo amechoka na vichwa vya wanamitindo na anataka mlima wa kwao wenye ukungu wa asubuhi. Alikuwa anamtafutia mchoro.

Fundi Mabango: Nitachukua mchoro wako. Nitakufundisha rangi ukutani, rangi ninanunua mimi. Robo ya malipo ni yako.

Binti: Babu, mchoro ni wangu, miraba nitapanga mimi, na miguu yangu ndiyo itakayopanda ngazi. Nusu.

Fundi Mabango: Nusu! Na ukuta ukiutema mchoro wako nani atarudia? Theluthi.

Binti: Theluthi, na jina langu likae chini pamoja na lako.

Fundi Mabango: Likae. Lakini hiyo picha uifumue kabla ya Jumamosi, uichore upya anga ikitangulia, na mabati yaje mwisho. Uniletee ikiwa inacheza tangu mwanzo, nisiletewe iliyokwisha.